Mbwa wa St. Petersburg na nyota ya njiti za kiberiti

Mswahili akiumizwa na maneno husema yamemkata maini. Wagiriki wa kale nao waliamini kwamba nyongo ikizidi humpandisha mtu wazimu. Ushahidi kwamba ini linaweza kweli kuvuruga akili ulichelewa sana kupatikana.

Mwaka 1877, huko St. Petersburg, daktari Nikolai Eck alishona pamoja mishipa miwili ya mbwa, ili damu itokayo utumboni irudi moyoni bila kupita kwenye ini. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Ivan Pavlov na wenzake walilirudia jaribio hilo. Mbwa waliopona kidonda walionekana wazima, mpaka walipokula nyama. Hapo mbwa mpole aligeuka mkali, akapepesuka, macho yakaacha kuona, degedege likampata, akazimia. Baadhi yao wakaisusa nyama wenyewe. Ulikuwa ukatili, lakini ndio uliotuonyesha mtuhumiwa: amonia, sumu itokanayo na protini kama ya nyama inapomeng'enywa. Mwaka 1932 Hans Krebs na Kurt Henseleit wakaeleza jinsi ini linavyoigeuza kuwa urea, inayotoka kwa mkojo.

Lakini je, ubongo hauna ulinzi? Unao. Mwaka 1885 Paul Ehrlich aliwadunga wanyama rangi. Viungo karibu vyote vikakolea, ubongo ukabaki mweupe. Mwaka 1967 Thomas Reese na Morris Karnovsky waliona kwa hadubini ya elektroni jinsi seli za mishipa midogo ya ubongo zilivyobanana. Ukuta huo huzuia mengi, ila amonia hupenya. Ndani hupokelewa na seli zenye umbo la nyota, zinazoigeuza kuwa glutamini. Zikilemewa, huvuta maji na kuvimba. Ini likifa ghafla, uvimbe huo huweza kuua.

Kwa mtu ambaye ini lake limeshindwa kuiondoa amonia, dalili huanza kwa unyonge. Mwambie mgonjwa anyooshe mikono na kuinua viganja kama trafiki anayesimamisha gari: viganja vitaanguka na kuinuka, vikipigapiga kama mbawa. Raymond Adams na Joseph Foley waliieleza dalili hiyo mwaka 1949. Mwaka 1954, Uingereza, Sheila Sherlock na wenzake walieleza kwa kina ugonjwa huu wa akili kuvurugwa na ini. Mgonjwa hupewa njiti za kiberiti aunde nyota, na mtu mzima, msomi, anashindwa.

Tangu 1966 ipo laktulosi, dawa tamu ya maji inayoinasa amonia utumboni ili itoke na choo. Na kwa kuwa misuli, inayohitaji protini, nayo husaidia kuiondoa amonia kwenye damu, madaktari wa leo hawamnyimi tena mgonjwa maharage, mayai wala samaki.