Muhuri ni Amana

Ndugu msomaji, ukipita katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, utawakuta mafundi wa mihuri. Wale wa zamani walichonga kwa mkono. Fundi aliandika maneno kinyume juu ya kipande cha mpira, kisha kwa wembe akaondoa kila kisichotakiwa, zikabaki herufi peke yake. Siku hizi kompyuta imerahisisha kazi, lakini haikuondoa dhima.

Ufundi huu una nasaba ndefu. Huko China watu wamechonga mihuri kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na mchongaji wa muhuri wa jiwe huheshimiwa kama mshairi. Mwaka 1904 wachongaji wa mji wa Hangzhou waliunda chama chao, Xiling, na mwaka 2009 UNESCO iliutambua ufundi huo kuwa urithi wa wanadamu wote.

Nasi Waislamu tuna habari yetu. Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa kuwa hawasomi barua isiyo na muhuri. Akafanyiwa pete ya fedha iliyochongwa mistari mitatu: Muhammad, Rasuli, Allah. Kisha akakataza mtu yeyote asichonge maneno hayo katika pete yake. Baada yake pete ilivaliwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman, mpaka ikatumbukia katika kisima cha Aris, Madina. Ilitafutwa siku tatu, isipatikane.

Hebu tulitafakari lile katazo. Muhuri ni ulimi wa mtu asiyekuwapo. Ukichongwa mara ya pili, mwenyewe husemeshwa asiyoyasema. Kwa kipande cha mpira kisichozidi kiganja, kiwanja cha mjane huuzwa bila yeye kujua, na cheti cha mvivu hukalia kiti cha aliyesoma.

Basi fundi anayedai barua ya ofisi kabla hajaanza kazi huenda akakosa ujira wa siku ile. Mteja atakwenda kwa jirani, na nyumbani watoto wanangoja chakula. Huo ndio mtihani wake. Lakini tusimwachie yeye peke yake. Je, ndugu msomaji, wewe uliyetaka barua yako imalizike haraka, ulimwuliza aliyekugongea muhuri ameupata wapi?