Njia ya Kitabu Hadi Ipogolo

Hapo Ipogolo, chini ya kilima ulipojengwa mji wa Iringa, karibu na daraja la Ruaha Mdogo, barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Mbeya na Tunduma huagana na ile ipandayo mjini. Na tangu ilipotiwa lami, vitabu navyo hushuka hapo, vimefungwa kamba na kukabidhiwa kondakta. Kwa hiyo msomaji wa bara ameelewa tangu zamani kwamba kitabu kina masharti mawili: kwanza kimfikie, kisha kikishamfikia kiwe milki yake, hata aweze kukiazimisha.

Zama za hati za mkono, kitabu hakikuenea ila kwa kunakiliwa. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi kwa khati nzuri ya herufi za Kiarabu, nakala zake zikawafikia hata wanazuoni wa Ulaya. Na kila aliyepata nakala, mradi ana wino, karatasi na subira, aliweza kuizaa nyingine. Ilipoundwa East African Literature Bureau mwaka 1948, vitabu vikaanza kusafiri kwa masanduku na kwa posta hadi kwa wasomaji wa mbali. Na sheria ya mwaka 1963 ikaipa Tanganyika bodi yake ya maktaba. Hapo kitabu kimoja kilipita mikono mingi, wala aliyekiandika hakudhulumiwa.

Vifaa vya kusomea vitabu pepe vimeirithi kazi hiyo, ila havifanani katika kuvipokea na kuvihamisha vitabu. Rocket eBook, iliyotoka Marekani mwaka 1998, ilipokea kitabu kutoka kwenye kompyuta kwa waya. Kindle ya Amazon, mwezi Novemba 2007, iliondoa adha hiyo kwa kukivuta kitabu katika mawimbi ya simu. Kobo, iliyofuata mwaka 2010, ilikubali faili za EPUB, muundo usio mali ya kampuni moja, kwa hiyo msomaji angeweza kupata kitabu mahali pengine na kukiingiza mwenyewe kwa waya.

Njia ya mawimbi ni rahisi mno, lakini mwenye njia ndiye mwenye ufunguo. Mwezi Julai 2009 Amazon ilifuta katika vifaa vya wateja wake nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki navyo, ikawarudishia fedha zao na baadaye ikaomba radhi. Kimoja kilikuwa kile ambacho Fortunatus Kawegere alikifasiri mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Na tarehe 26 Februari 2025 kampuni hiyo ikaufunga mlango wa kupakua kwenye kompyuta vitabu vilivyonunuliwa ili vihamishwe kwa waya.

Basi anayechagua kifaa asiangalie ung'avu wa kioo pekee, bali aulize: kitabu hiki kitaingia kwa njia ngapi, na kitatoka kwa njia ngapi? Mzigo ukishafunguliwa Ipogolo, hakuna mwenye duka awezaye kuja usiku kuurejesha; na msomaji akiumaliza, hupanda nao kilimani akampelekea jirani.