Wahusika wa Katuni na Vitu vya Kuchezea (Shinyanga na Geita)

Wahusika wa katuni ni watu au viumbe wa kubuni wanaosimuliwa kwa michoro. Superman alitokea mwaka 1938, Spider-Man mwaka 1962, na wote wawili wakawa midoli na michezo ya kompyuta. Wakati mwingine mdoli hutangulia: Transformers waliingia madukani Marekani mwaka 1984, na mwaka huohuo kampuni ya Marvel ikawatungia hadithi.

Tanzania nayo ina mashujaa wake. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, alichekesha nchi nzima. Kisha jarida la Sani likawatambulisha Ndumilakuwili na Madenge. Umaarufu wao ulitokana na karatasi iliyopita mkono hadi mkono, si viwanda vya midoli.

Katika Shinyanga na Geita, ukanda wa wafugaji na wachimbaji dhahabu, fundi wa kwanza wa vitu vya kuchezea ni mtoto mwenyewe. Hufinyanga ng'ombe wa udongo, hukunja waya akapata gari. Wasukuma wa huko wana pia mchezo wa isolo, ndugu wa bao: wanawake, vijana na wanaume kila kundi lina namna yake ya kuicheza. Ni hazina kubwa ya akili na hesabu.

Siku hizi sura ya Spider-Man hufika huko kwenye mabegi ya shule na nguo za mitumba. Madenge, mtoto mtundu wa hapahapa, anastahili nafasi hiyo zaidi. Wachoraji na mafundi wetu wampe mwili wa kushikika.