Zawani, Gugu Lifananalo na Ngano

Wasikilizaji, leo nataka kuzungumza nanyi juu ya neno moja la Kiarabu, nalo ni zawani. Wengine hulitamka zuwani, na wengine ziwani, kila watu na matamshi ya nchi yao. Neno shayiri lilivuka bahari likakaa katika Kiswahili, lakini ndugu yake huyu hakukaa. Wala si ajabu, maana watu wa pwani walilima mpunga na mtama, hawakulima ngano.

Hata hivyo wengi wenu mmekutana na kitu chenyewe pasipo kulijua jina lake. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 13, imo habari ya adui aliyekuja usiku, watu wamelala, akapanda kitu kibaya katika shamba la ngano la mwenziwe. Katika Kiswahili kimeandikwa "magugu". Biblia ya Kiarabu iliyochapwa Beirut mwaka 1865 imeandika zawani.

Magugu ni neno jema, ila ni pana mno. Ndago nayo ni gugu, na mkulima huijua mara aionapo, akaing'oa. Zawani ni jani moja maalum, na uovu wake ni kufanana. Lichipukapo huwa kama mche wa ngano hasa, hata mkulima mzoefu hutazama asitambue. Ni mpaka masuke yatoke ndipo hujitenga: suke la ngano ni nene, punje zimejipanga pande zote, suke la zawani ni jembamba, na vijisuke vyake vimekaa huku na huku juu ya ubua. Lakini wakati huo mizizi imekwisha shikana na mizizi ya ngano, na mtu akivuta moja hung'oa na nyingine. Mkulima wa mpunga atanielewa upesi, kwa kuwa shambani mwake pia hutokea majani yanayojifanya mpunga.

Taabu haiishi kwa kuvuna. Punje za zawani zakaribia punje za ngano kwa ukubwa na kwa uzito. Mtu akipepeta, upepo hauzichukui zote. Akichekecha, nyingi hubaki pamoja na ngano. Basi katika vijiji vya Shamu na Palestina wanawake na watoto walikaa na sinia, wakachambua kwa mkono, punje moja moja, na zile mbaya wakawapa kuku. Asiyechambua alipata hasara mara mbili. Kwanza, alikula mkate wenye sumu: kichwa huzunguka, macho huingia giza, mwili hutetemeka, mtu huyumba kama mlevi, na akila nyingi aweza kufa. Pili, alipanda zawani kwa mkono wake mwenyewe mwaka wa pili, akidhani apanda ngano.

Hapo ndipo ilipotoka dhana moja ya ajabu. Mtu amepanda ngano, naye anavuna zawani, atasemaje? Theofrasto, mwanachuoni wa Kiyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliandika ya kwamba ngano na shayiri hugeuka kuwa gugu hili, hasa mahali penye mvua nyingi. Walimu wa Kiyahudi nao, katika Mishna iliyokusanywa karibu na mwaka 200, walikataza kupanda mbegu za aina mbili pamoja, lakini ngano na zawani hawakuzihesabu kuwa aina mbili. Tusiwacheke. Mvua nyingi kweli hulipendeza gugu hili kuliko ngano, na mbegu yake ilikuwa imo ghalani siku zote.

Je, yule adui wa usiku alikuwa wa hadithi tu? Nadhani sivyo. Katika kitabu cha sheria za Kirumi kilichotolewa kwa amri ya Kaisari Justiniano mwaka 533, yamo maneno ya mwanasheria Selso juu ya mtu aliyetupa mbegu za gugu hili katika shamba la mwenziwe ili kuliharibu, na jinsi mwenye shamba awezavyo kumshitaki. Wanasheria hawaandiki kanuni kwa jambo lisilotukia. Kwa maskini aliyetegemea shamba moja, tendo hilo lilikuwa sawa na kumtilia sumu katika chungu.

Sasa turudi kwa neno. Ibn Manzur, katika kamusi yake kubwa iliyomalizika mwaka 1290, alilieleza kuwa ni punje zichanganyikazo na ngano. Kiaramu, lugha ya kale ya Shamu, kina neno lililo jamaa yake, na kutoka lugha za huko Wayunani walipata zizania. Kilatini kikalipokea, na kwa njia ya Injili likaenea Ulaya. Lakini huko lilibadilika. Mfaransa asemapo leo kwamba fulani amepanda zizanie, maana yake amewagombanisha watu. Mhispania husema vivyo hivyo kwa cizaña. Jani lenyewe Wafaransa huliita kwa neno jingine, litokalo katika neno la ulevi.

Hata sababu ya ulevi huo ilikawia kujulikana. Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu walitazama punje kwa darubini wakaona ndani yake nyuzi za kuvu ndogo mno, na tangu hapo sumu ikahusishwa na kuvu hiyo. Karne hiyohiyo zilienea mashine za kusafisha mbegu, zikaweza kutenga kile ambacho chekecheke ilishindwa, na katika mashamba ya Ulaya gugu hili limekuwa adimu. Wengi wasemao zizanie hawajapata kuliona suke lake. Kwa Waarabu neno halikuachana na shamba: mtu akisema zawani, mkulima hufikiri kwanza ile sinia, na zile punje za kuwatupia kuku.