Miaka ya Gari Isiyoandikwa Popote

Pale Gerezani, eneo la gereji na maduka ya spea Dar es Salaam, kabla mwanafunzi hajajua kutofautisha spana namba 12 na namba 14, alifundishwa kuuliza swali moja: gari hili lilikuwa la nani? Fundi aliyenifundisha kazi mwanzoni mwa miaka ya 80 hakufungua boneti mpaka ajibiwe. Ukimtajia mwenye gari, yeye anakutajia dereva. Ukimtajia dereva, anakutajia mtaro ambao gari liliingia na gereji iliyonyoosha bodi. Magari ya Dar es Salaam yalikuwa machache kiasi kwamba habari za gari zilijulikana kama zinavyojulikana habari za nyumba ya jirani.

Uchache huo ulikuwa na sababu zake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, biashara kubwa iliingia mikononi mwa serikali, na magari yakawa yanapatikana kwa kibali kupitia shirika la umma, State Motor Corporation. Fedha za kigeni zilipokauka, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hata mwenye kibali alikaa akisubiri. Mafuta nayo yalipungua hadi magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Siku hizo gari halikufa. Datsun 120Y au Peugeot 504 ikianza kula oili, injini ilishushwa, krenki ikapelekwa kuchongwa, pistoni zikavishwa ringi mpya, na gari likarudi barabarani. Mnunuzi hakuwa na karatasi ya kusoma, lakini alikuwa na watu wa kuuliza, na watu hao walikuwa hai na wanakaa mtaa wa pili.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984. Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuhojiwa sana amezipata wapi. Pikapu zikaanza kushuka bandarini. Mabasi ya watu binafsi yalikuwa yameruhusiwa mwaka mmoja kabla, kwa hiyo pikapu nyingi zilifungwa mabenchi na turubai, zikaitwa chai maharage na kuanza kubeba abiria. Mzee Mwinyi alipochukua nchi Novemba 1985, ruksa ikazidi. Miaka ya 90 ikatuletea Corolla, Carina na Mark II, zilizokwisha kutumika Japani, nyingine zikipitia Dubai.

Wateja wengi waliniuliza kwa nini Mjapani auze gari zima kwa bei ile. Nilikuwa nawaeleza hivi. Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo pamoja na kodi na bima zake unauma mfukoni. Hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1995, gari lililopita miaka 10 lilitakiwa kukaguliwa kila mwaka. Mwenye gari akipiga hesabu anaona heri auze. Na kwa kuwa wao nao huendesha kushoto, usukani unakuwa tayari uko upande wetu.

Hapo ndipo swali la Gerezani lilipokosa wa kulijibu. Lilikuwa la nani? La Mjapani. Mjapani gani? Hakuna ajuaye. Dalali alikuwa na jibu lake la siku zote: "Hii alikuwa anaitumia mama mmoja, kazini na nyumbani tu." Redio yenyewe ilikuwa inashika masafa ya 76 hadi 90, ikaishia kukoroma hadi uifungie kifaa cha kuongeza masafa. Kama gari haliwezi hata kukusomea taarifa ya habari, litakusimulia maisha yake?

Tukajifunza kusoma vile vitu ambavyo muuzaji alisahau kuvificha. Nitaje kimoja. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinichukua nikamtazamie Corolla kwenye yadi. Dashibodi ilisema kilomita 61,000. Nikafungua mlango wa dereva, nikafuta vumbi kwenye nguzo pale mlango unapojibana, nikakuta stika ndogo ya gereji ya Japani, ile wanayobandika wakibadilisha oili. Maandishi siyajui, ila tarakimu hazina kabila: 14, halafu 6, halafu 98,400. Ile 14 ni mwaka wa Heisei, zama za mfalme wao zilizoanza 1989. Ukijumlisha na 1988 unapata mwaka wa kawaida: 2002, mwezi wa sita. Gari lilikuwa na kilomita 98,400 mwaka 2002, na sasa lina 61,000. Kijana wa yadi akaikazia macho ile stika, akasema, "Mzee, hiyo stika ni ya gari lingine." Nikamwambia basi na mlango nao ni wa gari lingine, hilo ni tatizo la pili. Mwalimu akacheka, tukaondoka.

Mwaka wa kutengenezwa nao una mahali pake. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana zile namba ndefu za tarakimu na herufi 17 za Ulaya na Marekani. Chesisi yake ni kama NCP61, kistari, kisha namba ya mfululizo, na ndani yake hamna mwaka. Kwa hiyo tunauvuta mkanda wa kiti mpaka chini na kusoma lebo iliyoshonwa pale unapoanzia, maana tarehe ya mkanda huwa karibu na ya gari lenyewe. Mkanda ukisema 2001 na muuzaji akisema 2005, mimi huamini mkanda. Uongo huo una faida yake kwa anayeusema, kwa sababu mwaka ndio unaopanga kodi.

Baadaye karatasi za Japani zikaanza kutufikia. Kule magari mengi hupita mnadani. USS ni mmoja wa minada mikubwa. Mkaguzi wa mnada huandika karatasi yenye mchoro wa gari na alama. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Juu kuna daraja: 4.5 ni gari safi, 3.5 limechoka kidogo, na R ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Mwaka 2004 cheti cha ukaguzi cha serikali yao nacho kikaanza kuandika kilomita. Kampuni za kuuza kwa intaneti, kama Be Forward iliyoanzishwa mwaka huo huo, zikamfanya hata mtu wa Njombe aagize gari akiwa sebuleni. Baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011, mionzi nayo ikaingia kwenye orodha ya vitu vya kupima. Vijana wakawa wananiletea karatasi ya mnada kwenye simu, na mimi naisoma kama daktari anavyosoma picha ya eksirei.

Gharama nazo zikapata mahali pa kutazamwa. Zamani mtu alikuwa akipeleka ankara yake bandarini akidhani ndiyo itakayokadiriwa, akakuta TRA, mamlaka ya mapato, wana thamani yao. Leo kikokotoo chao kiko mtandaoni: unaingiza aina, mwaka na ukubwa wa injini, unaona ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 18, na tozo ya uchakavu kwa gari lililozeeka. Mara nyingi kodi hukaribia bei ya gari lenyewe. Anayenisikiliza huanza na kikokotoo ndipo apende rangi.

Kuhusu uimara, historia yetu wenyewe ilitufundisha kuliko kitabu chochote. Toyota walianza kutoa injini za D4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mwaka 1996. Zilitufikia ndani ya Nadia, Vista na Premio. Pampu yake ya presha kubwa inataka petroli safi. Sisi tulikuwa katika miaka ya kuchakachua: mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, watu wakayachanganya kwenye dizeli na petroli wapate faida. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayosimamia mafuta, wakaanza kutia vinasaba kwenye mafuta, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa hadi faida hiyo ikafa. Lakini jina la D4 lilikuwa limekwisha kuchafuka, na hadi leo kuna mnunuzi akisikia D4 anafunga boneti mwenyewe. Mimi nasema injini ilionewa, ingawa siwezi kumshauri mtu wa kipato cha kawaida kuinunua, kwa kuwa pampu yake ni ghali na mafundi wanaoijua ni wachache. Toyota IST imependwa kwa sababu iliyo kinyume: spea zake zipo kila duka la Gerezani.

Ukinisikiliza hadi hapa utadhani tatizo limekwisha. Kwangu ndipo linapoanza. Gari nyingi ninazokagua leo hazitoki melini. Zimekaa hapa miaka 10 au 15. Mtu anakwambia "namba C" au "namba D" akimaanisha herufi inayoanza baada ya tarakimu kwenye kibao cha njano, na herufi hiyo inakwambia gari liliingia lini, basi. Kilichotokea tangu siku hiyo hakikuandikwa.

Mafuriko ya Desemba 2011 yalizamisha magari bonde la Msimbazi, na mvua za baadaye zikaongeza mengine Jangwani. Kwenye mnada wa Japani gari lililozama huandikwa hivyo. Hapa lilianikwa, likaoshwa viti na kutiwa manukato. Huwa nauvuta tena ule mkanda hadi mwisho, maana mwosha gari huosha kipande kinachoonekana, na tope hubaki kwenye kile kilichojikunja ndani. Halafu nashika reli za kiti kwa chini. Vidole vikitoka na kutu nyekundu kwenye gari lenye bodi safi, mazungumzo yameisha.

Madeni nayo yalikuwa yanajificha. Kabla ya ada ya mwaka ya leseni ya gari kufutwa na bajeti ya Juni 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, mtu alinunua gari akakuta limebeba malimbikizo ya miaka. Siku hizi faini za trafiki zinaonekana ukiingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Uhalali wa bima nao unatazamwa kwa simu. Jina lililo kwenye kadi, chesisi na namba ya injini unavihakiki TRA kabla ya kutoa hata senti ya posho kwa dalali. Hayo yote hukwambia gari linadaiwa au halidaiwi. Hayakwambii kama liliwahi kuchemsha likapasua gasketi, wala kama fundi alimimina oili ya gia boksi ya kawaida kwenye gia boksi ya CVT.

Kwa hiyo tuna gari ambalo miaka yake 8 ya Japani inajulikana hadi mkwaruzo wa mlango, na miaka yake 12 ya Kimara hapa Dar es Salaam haijulikani kabisa. Hilo halitokani na uvivu wa Mswahili. Kule sheria ililazimisha, na soko likalipia ukweli: gari la 4.5 lina bei yake na la R lina yake. Huku muuzaji mkweli na muuzaji mwongo hulipwa sawa, na wakati mwingine mwongo huzidi.

Wateja wangu huwa nawaambia wanunue kaunta buku: kila oili, kila belti, tarehe na kilomita, na risiti ibanwe humo. Wanaofanya hivyo huuza bila kubembeleza. Ila daftari la mtu mmoja mmoja halitoshi. Kila mwaka gari hukatiwa bima, na kwenye Wiki ya Nenda kwa Usalama askari hulikagua na kulibandika stika. Katika kukagua kwangu kote sijaona stika hata moja iliyonionyesha gari lilikuwa na kilomita ngapi siku ile. Japani waliongeza mstari mmoja tu kwenye cheti mwaka 2004. Mstari kama huo kwenye bima yetu hauhitaji jengo wala mashine, na kazi ya wanaorudisha kilomita nyuma ingekuwa ngumu kuanzia mwaka wa kwanza.