Mkono Kwanza, Kichwa Baadaye

Barabara ya Finch, kaskazini mwa Toronto, hukata Jane upande wa magharibi na Bathurst upande wa mashariki, umbali wa kama kilomita sita. Jane na Finch palikuwa mashamba hadi serikali ilipojenga maghorofa ya nyumba za umma miaka ya 1960 na 1970, wakahamia watu wa Karibea, Asia na Afrika. Bathurst ndiko waliko Wayahudi wengi. Nao pia walihama: awali waliishi katikati ya jiji, karibu na soko la Kensington, ambako sinagogi la Kiever, lililokamilika 1927, bado linatumika kwa sala. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakapanda kaskazini.

Sinagogi halihamishiki. Tefilini huhamishika.

Ni vijisanduku viwili vya ngozi nyeusi vyenye mafungu manne ya Torati, ya kitabu cha Kutoka, sura ya 13, na Kumbukumbu la Torati, sura za 6 na 11, yaliyoandikwa kwa mkono. Kimoja hufungwa juu ya kiwiko cha kushoto kikielekea moyoni, na ukanda wake huzungushwa mara saba kwenye kigasha. Kingine hukaa juu ya paji, nywele zinapoanzia. Mkono hutangulia kufungwa, na huwa wa mwisho kufunguliwa. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inasisitiza kwamba muda wote cha kichwani kinapovaliwa, cha mkononi kiwepo pia, na hapo ndipo ulipo uzito wa ibada hii: fikra haiachwi peke yake bila tendo. Kisha ukanda wa mkononi hufungwa kidole cha kati kama pete ya ndoa, mvaaji akitamka maneno ya nabii Hosea kuhusu Mungu anayewaposa watu wake milele.

Desturi hii ni kongwe. Mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, yametoa tefilini za takriban miaka 2,000. Siku ya Sabato hazivaliwi, kwa kuwa Sabato yenyewe, kama tefilini, ni ishara ya agano.

Jirani kabisa na Jane na Finch, Chuo Kikuu cha York kilifungua kampasi yake ya Keele mwaka 1965. Miaka miwili baadaye, Rabi Menachem Mendel Schneerson wa New York aliwatuma wafuasi wake mitaani na vyuoni wamwombe kila mwanamume Myahudi afunge tefilini, hata asiyesali kamwe. Wapo waliopinga, wakidai maandalizi ya moyo kwanza. Yeye alishikilia kwamba aliyefunga hata mara moja ameshatimiza amri kamili.