Mtandaoni: Huko, Humo au Hapo?

Neno mtandaoni limeenea katika Kiswahili kwa wepesi ambao ni istilahi chache za mashine zilizojaliwa, hata mtu alitumiaye kutwa, akinunua bando, akisoma habari, akipeleka maombi ya kazi, au akicheza gemu la mpira na hasimu aliye nchi ya mbali, haoni haja ya kuuliza asili yake wala kutafuta maneno yaliyoshindana nalo kabla halijatia nanga. Haja hiyo hata hivyo ipo, kwa kuwa neno hili, lililowekwa ili lifasiri “online” ya Waingereza, limechukua ndani yake suali ambalo Kiingereza hakikuliuliza, na ambalo matajiri watatu wa mashine za michezo, mmoja wa Marekani na wawili wa Japani, walilijibu kwa njia tatu mbalimbali katika mwaka 2002, kila mmoja akitumaini kwamba jibu lake ndilo litakalompa soko.

Asili yake ni kitenzi kutanda. Wingu hutanda juu ya bahari, ukungu hutanda bondeni, na mfumaji wa nguo, kabla hajapitisha uzi wa kwanza, hutanda nyuzi za urefu katika kitanda chake cha mfumi; nyuzi hizo ndizo mtande, na ule uzi upitao baina yake kwa mapana ndio mshindio. Aliyeiita mtandao jumla ya nyaya na mashine zilizofungamanishwa alilitoa neno katika kazi ya mikono ya watu wa kale, na kazi hiyo inaafikiana na mambo yenyewe kuliko wengi wadhanivyo, kwani nyaya zilizolazwa chini ya ardhi na bahari hukaa pale pale kama mtande, na habari ndizo zipitazo.

Mkondoni, ambalo lilipendekezwa na wafasiri waliotazama zaidi umbo la neno la Kiingereza, halina afya hiyo. Mkondo kwa watu wa pwani ni maji yaendayo kwa nguvu, aghalabu baina ya kisiwa na bara, na chombo kilicho mkondoni kinachukuliwa, hakiendi kitakako. Sasa mtu aliyekaa kitini akiamrisha mashine kwa vidole vyake ana uhusiano gani na chombo hicho? Hewani nalo lina wenyewe. Tangu zamani za redio limekuwa likifanya kazi yake, na leo mtu akisema yuko hewani twafahamu kwamba simu yake inapatikana. Lakini kumwambia fundi kwamba mashine iliyofungwa waya ukutani iko hewani ni kumtania.

Mtandaoni basi limeshinda kwa haki. Kilicho na siri ndani yake ni kile kiambishi cha mwisho, -ni, ambacho peke yake hakisemi mahali pa namna gani, bali hukiachia kitenzi na kionyeshi kazi hiyo. Nyumbani pana mgeni, nyumbani kuna mgeni, nyumbani mna mgeni: msikivu wa lugha hazihesabu sentensi hizi kuwa moja, kwa sababu ya kwanza yaonyesha mahali palipobainika, ya pili yaelekea upande usio na mipaka, na ya tatu yaingia ndani ya kuta. Mtandaoni, je, ni huko, ni humo, au ni hapo?

Mwaka 2002 haukuwa mwanzo wa kuunganisha mashine ya michezo na ulimwengu wa nje. Mwaka 1988 Nintendo ilitoa huko Japani modemu ya mashine yake ya Famicom, na kwa ushirika na Nomura, madalali wa hisa, mtu aliweza kununua na kuuza hisa akiwa mbele ya televisheni yake. Mwaka 1995 ikaleta Satellaview, iliyopokea michezo kutoka setilaiti kwa saa zilizopangwa, kama vipindi vya redio. Katika mambo hayo mchezaji hakukutana na mchezaji. Aliyethubutu ni Sega. Dreamcast yake, iliyotoka Japani tarehe 27 Novemba 1998, ilitiwa modemu tangu kiwandani, kwa kuwa tajiri wake, Isao Okawa, aliamini kwa dhati kwamba michezo ya mtandaoni ndiyo itakayorithi mingine yote. Na mwezi Desemba 2000 kundi la Yuji Naka, mtunzi wa michezo wa Sega, likatoa Phantasy Star Online, ambamo watu wanne, kila mmoja kwake, waliweza kukusanyika katika sayari moja ya kubuni na kupigana bega kwa bega, hali mmoja yuko Osaka na mwingine Chicago.

Mtu ashughulikaye na istilahi hana budi kusimama kidogo mbele ya mchezo huo. Watunzi wake walifahamu kwamba Mjapani na Mfaransa wakikutanishwa bila lugha watatazamana kama mabubu, basi wakaweka orodha ya vipande vya maneno ambavyo mchezaji alivichagua na kuviunga, na mashine ikamfikishia mwenziwe maana ile ile katika lugha yake, ikiwa ni Kijapani, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani au Kihispania. Kiswahili hakikuwamo, wala hakuna aliyekitarajia. Lakini sijapata burhani iliyo bora kuliko hiyo kwamba msamiati mdogo uliopangwa kwa akili waweza kufanya kazi ambayo kamusi nene hushindwa. Ubunifu huo haukumwokoa mwenyewe. Tarehe 31 Januari 2001, mchezo ukiwa na umri wa wiki chache tu, Sega ilitangaza kwamba itaacha kuunda Dreamcast, ikabaki kutunga michezo ya kuchezwa katika mashine za waliokuwa mahasimu wake.

Uwanja ukabakia na wale watatu: Sony, Microsoft na Nintendo. Sony, ambayo PlayStation 2 yake ilikwisha ingia katika mamilioni ya nyumba, haikuona sababu ya kujenga jengo kubwa. Tarehe 27 Agosti 2002 iliwauzia Wamarekani, kwa dola 40 hivi, kifaa cha kufunga nyuma ya mashine, chenye tundu la waya wa simu na tundu la intaneti ya kasi, na mengine yote ikawaachia watoaji wa michezo: kila mmoja aweke seva zake, asajili watu wake, atoze au asitoze. SOCOM, mchezo wa askari uliotoka siku hiyo hiyo, uliwakusanya hadi watu 16 katika pambano moja. Final Fantasy XI, ulioanza Japani mwezi Mei mwaka huo, ulidai ada ya kila mwezi. Na Electronic Arts ikaendesha michezo yake kwa kanuni zake. Jina alilojipatia mtu kwa ushujaa katika mchezo mmoja halikujulikana katika wa pili, na rafiki aliyempata pale ilimpasa amtafute upya kwingine. Huo ndio mtandaoni wa huko: upande unaoelekewa, usio na kuta wala bawabu mmoja, ambao kila aendaye hufikia kwa mwenyeji wake.

Microsoft ilikuwa ngeni katika biashara hii, na labda ugeni ndio ulioipa ujasiri wa kujenga kwa kuta. Xbox, iliyotoka Marekani tarehe 15 Novemba 2001, ilikuwa na diski kuu ndani yake na tundu la intaneti ya kasi, wala haikuwa na tundu la simu kabisa. Na mwaka mmoja kamili baadaye ikafunguliwa Xbox Live, huduma iliyouzwa dola 50 kwa mwaka mzima, kifurushini mkiwa na kipaza sauti cha kuvaa kichwani. Mwenye intaneti ya simu ya kawaida alikataliwa mlangoni, jambo lililoonekana kuwa ni kiburi wakati ambapo nyumba nyingi za Marekani zilikuwa bado zikitumia intaneti hiyo. Aliyekubaliwa alijichagulia jina moja tu, na jina hilo likamfuata katika kila mchezo pamoja na orodha ya rafiki zake, ambao aliweza kuona kwamba wamo, wanacheza nini, na kuwaita waje alipo yeye. Sauti ilifanya kazi kwa namna moja, ada ililipwa kwa mtu mmoja, na malalamiko yakapelekwa mahali pamoja. Electronic Arts, iliyotaka wateja wake wabaki mikononi mwake, ilikaa nje ya kuta hizo mpaka mwaka 2004.

Mwaka huo huo, tarehe 9 Novemba, ukatoka mchezo wa Halo 2, na nadhani hapo ndipo maana ya humo ilipotimia. Kabla yake mchezaji alizoea kupewa orodha ndefu ya mapambano, akachagua moja, akalikuta limejaa, akarudi kuchagua jingine. Sasa alitaja tu namna ya mchezo anaoutaka, nayo huduma ikamtafutia watu wa kiwango chake na kuwatia pamoja. Lakini hata ndani ya jumba hilo pambano lenyewe halikuendeshwa na seva ya Microsoft: mashine ya mchezaji mmojawapo ilifanywa mwenyeji, wengine wakawa wageni wake, na kwa kuwa risasi ya mwenyeji haikuwa na safari ya waya ya kwenda kwanza, ilihesabiwa mapema kuliko za wageni. Ustaarabu wa pwani humtanguliza mgeni; huo ulimtanguliza mwenyeji, na wageni walinung’unika wakiwa na haki.

Nintendo ilibaki hapo hapo nyumbani. Iliuza vifaa vya kuiunganisha GameCube tangu Oktoba 2002, na Phantasy Star Online ikafufuka ndani yake, ila Satoru Iwata, aliyeshika urais wa kampuni mwaka huo, hakuamini kwamba watu wa kawaida wako tayari kulipa ada juu ya bei ya mchezo. Mario Kart: Double Dash wa mwaka 2003 ulikubali kuunganisha mashine hata nane na watu 16, lakini kwa nyaya za ndani ya jengo moja, wachezaji wakisikiana kelele bila ya kipaza sauti.

Kwa mauzo ya mashine, Sony iliwaacha wenziwe mbali sana, PlayStation 2 ikipita milioni 150 hali Xbox na GameCube kila moja ilikomea baina ya milioni 20 na 25. Kwa fikra ya mtandaoni, hata hivyo, aliyeuza kidogo ndiye aliyefuatwa. Sony yenyewe ilipotoa PlayStation 3 mwaka 2006 ilikwisha kubali jina moja kwa michezo yote, na kwa PlayStation 4, mwaka 2013, ikaanza kudai ada kwa aghalabu ya michezo ya kushindana. Nintendo ikaanza kudai yake Septemba 2018. Mwezi huo huo Sony, baada ya kukataa kwa muda mrefu, iliruhusu wachezaji wa Fortnite walio katika mashine yake wacheze na walio katika mashine za wenziwe, na kuta zilizojengwa kwa gharama zikaanza kutobolewa madirisha.

Sasa sina budi kutaja upungufu wa neno ninalolitetea. Mtandaoni hutaja mahali, halitaji wakati. Na mtu apakuaye mchezo ili aucheze peke yake kesho, na mtu apiganaye sasa hivi na mwenziwe, wote wawili twasema wako mtandaoni. Watangazaji wa televisheni wametupa mubashara, neno la Kiarabu lililopokewa vizuri Tanzania kwa matangazo yanayofika tukio likiwa linatendeka, na sioni sababu ya kulifungia viwanjani. Umbali wa mahali ndio unaoutia umubashara mashakani. Nuru ndani ya waya wa kioo hukimbia yapata kilomita 200,000 kwa sekunde, basi kebo ya TEAMS, iliyofika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah, karibu kilomita 5,000, huipitisha amri kwenda na jibu kurudi kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Setilaiti tulizozitegemea kabla yake, zilizopo kilomita 36,000 juu yetu, zilihitaji nusu sekunde kwa shughuli hiyo hiyo, na katika nusu sekunde golikipa amekwisha fungwa. Vijana wa vibanda vya gemu, ambako wawili hukaa benchi moja na kila mmoja na padi yake, wana neno lao kwa mchezo unaosita namna hiyo: wasema unaganda. Ni neno sahihi, na wataalamu waliotunga “ucheleweshaji” wangaliokoa wino lau wangepita kibandani kwanza, kwa maana kuchelewesha hutaka mtendaji, na hapa hapana aliyekusudia.

Rai yangu ni hii. Mchezo wa mtandaoni na uwe jina la jumla. Unapochezwa na watu kwa wakati mmoja, na uitwe mchezo wa mtandaoni wa mubashara, japo ni mrefu kidogo. Na mkondoni warudishiwe mabaharia. Nao watungao kamusi nawaomba wasiishie kuandika kwamba mtandaoni ni katika intaneti, wakaendelea na neno linalofuata. Na waweke mifano yenye pana, kuna na mna, wamweleze msomaji tofauti yake, kwa sababu magazeti yetu yamezoea kuandika kuna peke yake hata pale ambapo mtu amelipa ada, amefunguliwa mlango, na yumo ndani.